Namba Nne na Namba Tisa: Maneno ya Kumuaga Mama Edith wa Maabara

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Baba Paroko, Mwenyekiti wa Bodi ya kituo chetu cha afya, Daktari Mfawidhi, ndugu wafanyakazi, ndugu wageni waalikwa, ndugu wagonjwa mliotoka wodini kuja kukaa nasi, na mwisho Mama Edith, mwenye siku yake:

Nimewasalimu kwa kufuata vyeo, kama nilivyofundishwa na kama mlivyotarajia. Mheshimiwa ametangulia, na mama aliyesababisha tukusanyike amekuja mwisho. Ukumbini jambo hili halimdhuru mtu. Naomba tu mlikumbuke, kwa sababu nitalirudia kabla sijakaa.

Mimi ni Cleophas, mwalimu wa Historia. Wengi wenu mnanijua kwa ubishi. Nimeandika magazetini kuhusu mbolea isiyofika kwa wakati, kuhusu wafanyabiashara wanaopakia gunia la mahindi mpaka linaota kichwa halafu wanaliita gunia moja, na kuhusu viongozi wanaotuambia kwamba soko huria litatupangia kila kitu tukikaa kimya. Kwa miaka mitatu nimekaa kwenye Bodi nikiwawakilisha wagonjwa. Kamati ya maandalizi imenipa dakika kumi na tano nimsifu Mama Edith, na Mwenyekiti, anayenifahamu, akaongeza: "Mwalimu, safari hii usigombane na mtu." Nilimkubalia nusu. Nitagombana na mtu mmoja tu, na mtu huyo hataomba nafasi ya kujibu.

Kwanza niseme kazi aliyoifanya mama huyu, maana ni kazi ambayo watu huijua pale tu inapoharibika. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akinakili. Mtaalamu wa maabara hutoboa kidole, huchukua damu, hupima, huandika namba kwenye karatasi yake. Mama Edith huichukua namba hiyo na kuiingiza kwenye daftari kubwa la maabara, halafu huiandika tena kwenye daftari la mgonjwa, lile la shule, lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Daktari haioni damu. Daktari humwona mgonjwa kwa dakika tatu na kuisoma namba. Dawa, kitanda, chupa ya damu, ruhusa ya kwenda nyumbani, vyote vinatoka kwenye ile namba. Sasa niulize: katika jengo hili zima, ni nani mwenye madaraka makubwa kuliko mtu anayeihamisha namba kutoka karatasi moja kwenda nyingine? Na ni nani aliyewahi kumpisha kiti kwenye kikao?

Nitawaeleza siku moja tu. Ilikuwa Machi, mwaka tisini na mbili.

Wakati ule utaratibu ulikuwa huu. Mgonjwa anafika dirishani, Mama Edith anaandika jina lake kwenye daftari na kumpa namba kwa mdomo: wewe wa kwanza, wewe wa pili. Kisha mgonjwa anakwenda kukaa kwenye benchi refu la mbao nje ya chumba cha kupimia, kila mtu mahali pake kwa mfuatano. Ndani alikuwa Ndugu Gabriel, ambaye yuko pale mbele na koti lake jeupe. Gabriel hakuulizana majina na mtu. Wa nne kwenye benchi ndiye wa nne kwenye karatasi. Benchi lenyewe ndilo lililokuwa likitunza namba, na benchi halina kumbukumbu.

Siku hiyo wa nne alikuwa mama mmoja kutoka Kaoze, jina lake Rahel. Yeye na mumewe Shedrack ni wafugaji, walihamia bondeni na ng'ombe wao kutoka upande wa Shinyanga. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Alikuwa amepanda milima kwa lori la mahindi kuja huku juu, kwa sababu mkunga wa kijijini alimtazama viganja akamwambia aende akapimwe damu.

Wa tisa alikuwa mzee wa hapa mjini, mtaa wa Mazwi, amekuja kwa sababu goti lilikuwa linamsumbua, na daktari alitaka apimwe kiwango cha damu kwa kuwa umri umekwenda. Mzee huyo alikuwa amesindikizwa na mwanawe, mtu mzima, mwenye shati lililopigwa pasi na gazeti kwapani. Mwana alipoona baba yake amewekwa mwisho wa benchi, nyuma ya wanawake na vijana, hakupendezwa. Akawaambia watu wa mbele: "Ninyi mnamwona mzee mnakaa tu? Mpisheni."

Mnajua kilichofuata, maana mngefanya hivyo hivyo wote. Rahel alisimama. Alipiga magoti kwa shida, na tumbo lile, akamsalimia mzee shikamoo, akamwachia nafasi yake. Kisha, kwa kuwa hakutaka kuwasumbua waliobaki wasogee, akaenda zake mpaka mwisho akakaa pale alipotoka mzee. Wa nne akawa wa tisa, na wa tisa akawa wa nne. Kila mtu kwenye benchi aliridhika. Heshima ilikuwa imetendeka. Kwenye daftari, majina yalibaki palepale yalipoandikwa.

Gabriel akatoboa vidole, akapima, akaandika. Namba nne: kumi na tatu. Namba tisa: tano.

Kwa ambao si watu wa fani hii, kumi na tatu ni damu ya mtu anayeweza kuendesha baiskeli kutoka hapa hadi Kate. Tano, kwa mwanamke mwenye mimba, maana yake ni kwamba akitokwa na damu kidogo tu siku ya kujifungua, hamtamwahi.

Mama Edith alinakili kama ilivyoandikwa. Rahel akaandikiwa kumi na tatu, akaambiwa damu yako nzuri, mama, nenda salama. Mzee akaandikiwa tano, na daktari wa zamu akaagiza alazwe, ndugu watafutwe wa kumtolea damu.

Mzee alipoambiwa alicheka. "Mimi nimekuja kwa ajili ya goti," alisema. "Hiyo tano ni ya nani?" Mwanawe akamwambia anyamaze, wataalamu wameshasema. Mwana huyo alikuwa amesoma, na aliyesoma huamini sana karatasi.

Mama Edith ndiye hakuiamini. Alikuja wodini na daftari lake, akafunua kope la mzee, akatazama viganja, akaona wekundu. Akamgeukia mwana akamuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mwalimu, mzee alikaa wapi kwenye benchi?"

Ndiyo, ndugu zangu. Mwana huyo ni mimi. Mzee ni marehemu baba yangu, Mzee Wilibrodi, ambaye wengi wenu mlimzika.

Ilikuwa bado saa tano. Lori la kurudi Kaoze lilikuwa linapakia sokoni na lingeondoka saa nane. Rahel alikuwa ameketi kivulini kwa lori, hatua mia nne hivi kutoka dirisha la maabara, anakula muhogo. Jibu langu lilihitaji maneno tisa tu: alikaa mbele, nilimpitisha, alipishwa na yule mama mwenye mimba. Basi. Ningesema hivyo, mambo yangeisha palepale.

Nilisema, kabla baba hajafungua mdomo: "Alikaa mahali pake."

Kisha, kwa kuwa uongo ukishatoka hutafuta ulinzi, nikapandisha sauti. "Unamhoji mzee wa watu kama mwizi wa kuku? Nyie wafanyakazi wa siku hizi mmefundishwa wapi? Fanya kazi yako."

Alinitazama kidogo. Akasema, "Hii ndiyo kazi yangu, Mwalimu." Akaondoka.

Alifanya nini? Alimrudisha Gabriel akamtoboa baba upya, na ilipotoka kumi na tatu, namba waliyoandikiwa wengine kadhaa siku hiyo, alijua kwamba ile tano inatembea mahali fulani mjini ndani ya mtu asiyejua. Sasa ilimbidi awatafute wote waliobaki, mmoja baada ya mwingine, awapime upya, kwa sababu aliyeulizwa habari ya benchi alikuwa amesema uongo, naye baada ya kufokewa hakuiuliza tena. Wanne aliwapata palepale uani. Mmoja alimfuata kiwandani kwa fundi mbao. Mmoja alimkuta Malangali kwa dada yake. Ilipofika saa tisa ndipo alipofikiria kumuuliza Gabriel si kuhusu namba bali kuhusu kidole chenyewe: "Wa tisa alikuwa na mkono wa namna gani?" Gabriel akafikiri, akasema: "Mkono wa mwanamke. Alivaa bangili ya shaba. Nadhani alikuwa na mimba."

Lori lilikuwa limeondoka saa nzima iliyopita.

Kesho yake asubuhi Mama Edith, kwa hiari yake, bila barua ya mtu yeyote, alipanda gari la kwanza lililoteremka bondeni. Kutoka pale lilipomshusha alitembea. Alimkuta Rahel anapalilia. Sijui walisemezana nini, wao wawili wanajua. Ninachojua ni kwamba Shedrack alifunga ng'ombe kwenye mkokoteni, wakamleta mpaka barabarani, wakasubiri gari siku nzima, na siku ya tatu Rahel alikuwa kwenye kitanda hapa, mashemeji wawili wamekunja mikono ya mashati kumtolea damu.

Rahel alipona. Mtoto alizaliwa siku nne baadaye, kabla ya wakati, akaishi siku mbili. Aliitwa Coleta. Hakuna daktari aliyewahi kuniambia kwamba ni zile siku zilizopotea, wala hakuna aliyewahi kuniambia kwamba si zile siku. Sijauliza, na kwa muda mrefu niliona kutouliza kwangu ni busara.

Mheshimiwa, Mwenyekiti, sasa nifike kwa yule mtu ambaye nilisema nitagombana naye.

Majuma matatu baada ya hayo, mtu huyo aliandika gazetini makala yenye kichwa cha habari kuhusu kuporomoka kwa adabu katika vituo vya afya. Aliandika vizuri, nimeisoma tena juzi. Alieleza jinsi karani mmoja wa maabara alivyomdhalilisha mzee mbele ya wagonjwa. Aliuliza, kwa ule mtindo wake wa kuuliza maswali ambayo jibu lake analijua mwenyewe, kama mageuzi ya uchumi yamekuja kutufanya tusahau kusimama mkubwa anapopita. Hakuandika neno hata moja kuhusu benchi. Makala ilisomwa, Bodi ya wakati ule ikakaa, Mama Edith akaitwa, akapewa barua ya onyo. Barua ile iko kwenye jalada lake mpaka leo, na kama si barua ile angepanda cheo mwaka tisini na tatu.

Aliulizwa kwenye kikao kama ana la kusema. Kumbukumbu za kikao zinasema: "Karani alikiri kosa la kunakili bila kuhakiki." Basi. Hakumtaja mtu.

Kwenye daftari kubwa la mwaka ule, ukurasa ule upo. Nimeuona. Zamani makarani walikuwa na wembe, wakikosea wanakwangua wino mpaka karatasi inakuwa nyeupe, na hakuna atakayejua. Mama Edith hakukwangua. Namba nne na namba tisa zimepigwa mstari mmoja mwembamba, ili za zamani zisomeke, na za kweli zimeandikwa juu yake, na pembeni kuna tarehe na maneno haya: "Niliandika bila kuuliza. Edith." Kuanzia siku hiyo aliondoa wembe mezani. Akakata maboksi ya dawa akatengeneza vipande vya kadi, akaviandika namba, akavitoboa na kuvifunga uzi. Kila mgonjwa akashika chake. Ukifika kwa Gabriel, hutobolewi mpaka utaje mwenyewe jina lako na namba yako. Na wakati wa kunakili wanakaa wawili: mmoja anasoma, mwingine anaandika, halafu aliyeandika anamsomea aliyesoma. Mkubwa apishwe akitaka, apishwe hata mara tano, maana kadi anayo shingoni.

Mnakumbuka tulivyomsema? Tulisema anawafunga wazee uzi kama mbuzi wa mnadani. Nimewasikia watu wa heshima wakisema hivyo, na baadhi yao wameketi mstari wa mbele. Wazee wenyewe walizoea upesi kuliko sisi. Baba yangu alikuwa akifika hapa anaomba kadi kabla ya kuulizwa hali. Mara moja alisahau kuirudisha, akaivaa mpaka kanisani, na alipoulizwa ni medali ya nini akasema ni ya goti.

Yapo ya leo. Pale Mazwi sasa kuna maabara za watu binafsi tatu, na moja imeandika kwenye ubao: MAJIBU DAKIKA KUMI. Sina ugomvi na biashara yao. Ninauliza tu: katika hizo dakika kumi, ni ngapi za kumuuliza mtu jina lake? Na hapa kwetu, kikao cha Jumanne kina pendekezo la kufungua dirisha la huduma ya haraka kwa wanaolipa zaidi, ili tusipoteze wateja. Watapita mlango wao, watatobolewa mbele ya wengine, na majibu yataingizwa kwenye daftari hilohilo moja. Pendekezo linasema pia kwamba kusoma kwa sauti watu wawili kunachelewesha, na kwamba nafasi ya Mama Edith isijazwe. Lina sahihi nne za kuliunga mkono. Ya tatu ni yangu.

Nilitia sahihi Oktoba. Nilijiambia ni mambo ya mapato. Nilikuwa nimeshasahau, au nilikuwa nimejisahaulisha, kwamba dirisha hilo nilishalifungua mimi mwaka tisini na mbili, bure, kwa kusema neno moja: mpisheni. Ninaiondoa sahihi yangu hapa mbele yenu. Mistari miwili ya watu na daftari moja, bila kadi na bila mtu wa pili wa kusoma, ni benchi lile lile. Atakayebishana nami Jumanne aje na jibu la swali moja: tano ikipotea, nani ataifuata bondeni?

Mwezi uliopita, niliposikia Mama Edith anastaafu, nilikwenda Kaoze. Sikutaka Rahel aje kuyasikia haya mara ya kwanza hapa ukumbini. Nilimkuta anapepeta ulezi. Nilimweleza yote, nimesimama, kofia mkononi. Ungo ulitulia. Kisha akaniuliza:

"Mzee wako bado yupo?"

Nikamwambia alifariki mwaka juzi.

"Poleni. Na lile goti, lilipona?"

Nikasema lilipona.

Akaendelea kupepeta. Nilivaa kofia yangu; neno jingine sikuwa na haki ya kumdai.

Nikatoka huko nikaja kwa Mama Edith, nikamuuliza kwa nini hakunitaja mbele ya Bodi, wakati barua moja tu kutoka kwake ingenimaliza. Alikuwa anafunga uzi kwenye kadi mpya. Akasema: "Mwalimu, daftari linaandika damu. Haliandiki nani alisukuma foleni."

Ni kweli, Mama. Lakini jalada lako linaandika, na lina kosa.

Mwenyekiti, wako watakaokushauri barua ya onyo ichanwe, iwe zawadi ya kumuaga. Naomba isichanwe. Kuchana ni wembe. Naomba ifanyiwe kama alivyotufundisha mwenyewe: ipigwe mstari mmoja mwembamba, isomeke, na juu yake yaandikwe ya kweli. Nimeyaandika. Karatasi hii ina tarehe na sahihi, na inasema: "Mzee hakukaa mahali pake. Nilimpitisha mbele, nilipoulizwa nikasema uongo, kisha nikamshitaki aliyeniuliza. Cleophas." Ninaikabidhi kwako, na nakala yake nimeipeleka gazeti lilelile. Watu hawa wote wameniona nikiikabidhi.

Ndugu zangu, nilisema nitarudia habari ya salamu. Leo nimefika mapema nikasimama mlangoni na karatasi, nikaandika jina la kila aliyeingia, kwa mfuatano. Kwa hiyo nitashukuru kwa daftari, si kwa vyeo.

Namba moja, aliyefika saa moja asubuhi na debe la unga wa ulezi kichwani: Mama Rahel wa Kaoze. Asante, na samahani. Namba mbili, Ndugu Shedrack. Namba tatu, Mama Edith, aliyekuja kupanga viti vya sherehe yake mwenyewe. Namba nne, Ndugu Gabriel. Kisha wagonjwa, wafanyakazi, Daktari Mfawidhi, Baba Paroko, Mwenyekiti. Namba mia moja na kumi na mbili, aliyefika saa nne na robo kwa sababu barabara ni mbaya na tunamwelewa, ni Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya.

Mama Edith, nimekusomea. Nisomee nawe, uone kama nimeandika sawasawa.

Asanteni nyote kwa kunisikiliza, kila mmoja kwa namba yake.